Mtihani wa Sikukuu Tatu

Jumatatu, 12 Ramadhani

Magauni ya frili tangu alfajiri. Mgongo unauma pale pale. Mwanangu Sabra kalala chini ya cherehani, kichwa juu ya vipande vya vitambaa. Ana miaka miwili na kelele za cherehani hazimwamshi. Ikinyamaza ndiyo anaamka. Kwa hiyo nashona.

Leo si siku ya judo. Nimefunga taulo kwenye nguzo ya uwani nikalivuta kama kola ya mtu. Kulia, kushoto, mpaka mikono ikachoka. Mwalimu Shaame kasema aliyefunga aende taratibu. Naenda taratibu. Lakini naenda.

Naandika kwa sababu nikikaa bure nalala, na muhogo wa futari uko motoni.

Jumatano, 14 Ramadhani

Kila anayeingia yake ni ndogo tu. "Fundi, pindo tu." "Fundi, mikono tu." Hizo "tu" zao zimejaa chumba.

Nimeweka makapu mawili. Kapu la kwanza la wateja walioanza kufunga Jumatano, kwa mwezi ulioonekana nchi nyingine. La pili la sisi tuliosubiri mwezi wa hapa tukaanza Alhamisi. Wao wako mbele yetu siku moja, nguo zao zinatoka kwanza. Kwangu hakuna ugomvi wa mwezi. Kanzu ni kanzu. Lakini nikitazama makapu najua kila nyumba ya mtaa huu itakula sikukuu lini. Sheha mwenyewe, kiongozi wa mtaa, hajui kama mimi.

Alhamisi, 15 Ramadhani

Mazoezi ukumbini Gombani baada ya alasiri. Tangu mwalimu wetu wa kike alipomfuata mumewe Unguja, Mwalimu Shaame anatufundisha akiwa mlangoni, kwa mdomo, katupa mgongo nusu. "Mguu! Mguu wako uko wapi, Maryam?" Na hata kuniona hanioni.

Leo kasema wazi. Darasa la wasichana linataka mwanamke mwenye mkanda wa kahawia. Aliye karibu ni mimi. Nikifaulu mtihani wa mkanda huo, darasa ni langu. Nisipofaulu, baada ya sikukuu saa yetu ya ukumbi wanapewa vijana wa mpira wa meza. Wasichana wote wakanigeukia. Nikakaza mkanda wangu wa buluu.

Nitafaulu. Sijisifu. Namwangusha mwenzangu Zuhura ninapotaka, na Zuhura ni nesi, kazoea kubeba wagonjwa, si mwepesi.

Mume wangu Hamad anajua, na ndiye anayenipeleka kwa pikipiki. Mama yake hajui. Bi Mize yuko kwao Shumba, na nilimwambia naenda mazoezi ya mgongo. Si uongo wote. Mgongo upo.

Jumanne, 20 Ramadhani

Mazoezi ya mwisho. Kumi hili la mwisho ukumbi unafungwa, watu waingie ibada. Mwalimu katangaza kutoka mlangoni: "Mtihani sikukuu tatu, saa tatu asubuhi. Wageni wa kututahini wanatoka Unguja, wakimaliza wanawahi boti Mkoani. Hawarudi mpaka mwakani."

Vizuri sana. Sikukuu mosi na pili za wakwe, Shumba. Ya tatu yangu.

Zuhura kanipa kitambaa cha gauni lake njiani. Kijani, kizuri. Nimekitia kapu la kwanza.

Jumapili, 25 Ramadhani

Umeme ulikatika asubuhi hadi alasiri. Pasi baridi. Nilikuwa na hasira na kila mtu.

Sabra kaanguka kutoka kwenye kiti. Sikumkimbilia. Kapiga sakafu kwa kiganja kama nilivyomfundisha kuanguka juu ya godoro, kaniangalia, hakulia. Nikambeba nikambusu mpaka kachoka yeye. Kisha nikamwambia kiti si cha kupanda. Kapanda tena. Nikamshusha. Kapanda. Nikakiweka kiti nje.

Jumanne, 27 Ramadhani

Sindano imepita kwenye ukucha wa kidole cha shahada. Nilisinzia. Mguu ukaendelea kukanyaga peke yake.

Kidole kimevimba kama ndizi mbichi. Hamad ananitazama na kutikisa kichwa. "Mwakani upo, mke wangu." Mwakani upo, darasa halipo. Nimejaribu taulo la nguzoni. Kushika kola ni kazi ya vidole vidogo, hicho cha shahada kinasindikiza tu. Naweza. Nilitokwa na machozi, lakini naweza.

Alhamisi, 29 Ramadhani

Kapu la kwanza limeisha. Zuhura kafuata gauni lake, anasherehekea kesho. Mwezi wa hapa haujaonekana, sisi tunatimiza thelathini. Namshukuru Mungu kwa siku moja zaidi. Nina kanzu ambazo bado hazina kola.

Ijumaa, 30 Ramadhani

Nusu ya mtaa wamevaa, nusu tumefunga. Watoto wa jirani wananipitia dirishani na pipi mdomoni. Zuhura kanitumia ujumbe: Idi njema dada, tuonane kwenye mtihani, usinitupe vibaya. Nikamjibu nitamtupa vizuri.

Kanzu ya mwisho imetoka magharibi. Nimefunika cherehani. Nimelala nikiwa nimekaa.

Jumamosi, 1 Mfunguo Mosi

Sikukuu. Shumba. Sabra na frili zake, kashazimwagia mchuzi. Gauni nililomshonea mavyaa limemkaa. Kaligeuza kuangalia mishono kwa ndani, kisha kalivaa siku nzima. Kwa Bi Mize hiyo ni sifa.

Nguo yangu ya judo nimekuja nayo, chini kabisa ya mkoba wa mtoto. Jumatatu asubuhi tunatokea hapa moja kwa moja hadi Gombani. Kidole kimepungua. Nimepumzika. Niko tayari.

Jumapili, 2 Mfunguo Mosi

Niandike yote kabla sijalala.

Asubuhi niko uwani nakuna nazi na kukamua tui, mawifi wanachambua mchele, Bi Mize yuko kwenye kigoda anasimamia. Simu ikalia. Mikono yangu ina tui, nikamwambia wifi aibonyeze aiweke chini. Sauti ya Zuhura ikajaa uwa mzima.

"Dada Maryam, uko wapi? Wageni wameshakaa kwenye viti!"

"Wageni gani? Mtihani kesho. Leo sikukuu pili."

"Pili kwenu! Kwetu tatu! Mwalimu si kala Idi juzi na sisi?"

Nikabaki na kifuu mkononi. Mimi. Niliyegawa mtaa mzima kwenye makapu mawili. Niliyemkabidhi Zuhura gauni lake Alhamisi kwa mikono yangu. Mwalimu hajawahi kunipa nguo ya kushona, hakuwa na kapu, sikumfikiria.

Zuhura akasema Mwalimu anatanguliza watoto, nije mbio, adhuhuri wageni wanaondoka. Simu ikakatika.

Mawifi wakaacha kuchambua mchele.

"Mtihani," akasema Bi Mize. "Mtihani gani huo wa mgongo unaoletewa wageni kutoka Unguja?"

Wifi mdogo akacheka, akajifunika mtandio. Nikaona nikitafuta neno jingine nitachelewa zaidi. Nikasema kweli. Judo. Kushikana na kuangushana. Wanawake kwa wanawake, madirisha yamefungwa. Na nikikosa leo, wasichana hawana pa kwenda.

Bi Mize akanitazama toka miguuni hadi kichwani. "Na weye huanguka au huangusha?"

"Zamani nilianguka sana, mama. Sasa naangusha."

"Hamad anajua?"

Hamad alikuwa mlangoni. Akaanza kuitazama pikipiki yake kama kaiona leo.

"Mtoto mwachie hapa," akasema mavyaa. "Maneno yangu na weye yapo, sikuyafuta. Utayakuta ukirudi. Haya, nenda, unasubiri nini na tui hilo?"

Nilinawa kwa sabuni ya unga, nikachomoa nguo ya judo mkobani. Sabra alilia, akanyoosha mikono. Nikambusu kichwani, nikampa bibi yake, sikugeuka nyuma. Ningegeuka nisingekwenda.

Njia nzima nilikuwa na hasira na nafsi yangu, hasira safi, ya kufanyia kazi. Hamad alikimbiza kuliko anavyokimbiza siku zote.

Tumefika watoto wa mwisho wanavaa viatu. Mwalimu Shaame mlangoni, jasho linamtoka kuliko aliyefanya mtihani. "Maryam, miye nimekufa mara mbili leo." Ndani kuna mama mmoja wa Unguja, mkanda mweusi, kashaweka kalamu mkobani. Akaitoa tena. Akatazama saa, makusudi, nione.

Mtupo wa kwanza mkono uliteleza. Tui. Kola ikanitoka, Zuhura akabaki wima, wima kabisa. Nikasikia wasichana wakivuta pumzi. Nikafuta viganja kwenye mkeka. Nikashika tena, safari hii chini kidogo, penye mshono ambapo kitambaa kimekunjwa mara nyingi. Mshono nauelewa. Nikaingia. Zuhura akapaa, akatua, akapiga mkeka mlio mmoja mzuri.

Baada ya hapo sikuteleza. Kulia, kushoto, chini, kumkandamiza, kumwachia. Kidole kiliuma na nikakiacha kiume.

Yule mama akasema ule mtupo wa kwanza ulikuwa mbaya. Nikasema najua. Akasema yaliyofuata hayakuwa mabaya. Akaandika. Kisha akawaita wasichana waliokuwa wamebanana ukutani, akawaambia huyu ndiye mwalimu wenu. Wakapiga kelele ambazo Mwalimu Shaame alizisikia huko nje akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti.

Magharibi tumerudi Shumba. Sabra kashalala. Bi Mize kaniwekea pilau chini ya kawa. Akaniacha nile. Nilipomaliza akayatoa maneno yake yote, hakupunguza hata moja. La uongo wa mgongo ndilo lililomuuma, judo ilikuja mwisho na haikuchukua muda. Nikasikiliza nimeinama. Ana haki. Nikamwomba radhi. Akasema tui la asubuhi lilimwagika lote, kesho nitakuna jingine.

Jumatatu, 3 Mfunguo Mosi

Sikukuu tatu, yangu. Nimekuna nazi. Mchana tumerudi nyumbani.

Mikanda ya kahawia haikuja na wageni, wataileta mwakani. Sitangoja. Kwenye mabaki nina kipande cha drili ya kahawia, masalio ya suruali ya mtu. Nimekikunja, nimekipitisha cherehani kwa urefu, mstari juu ya mstari, mpaka kikakakamaa. Sabra chini ya meza, kalala. Nilipokata uzi kaamka.

Wasichana nimewapelekea ujumbe. Sikuandika sikukuu ya ngapi wala mfunguo wa ngapi. Nimeandika Jumanne, saa kumi alasiri.

Ni kesho. Nimeuning'iniza mkanda kwenye msumari, karibu na mkasi.