Mafuta Yepi?

Jumatano, mwezi wa saba. Azaiba, Maskati.

Joto la leo halina adabu. Nimerudi nyumbani kabla ya adhuhuri, nimeoga mara mbili, na mikono bado inanuka oili. Nimeambiwa "kapumzike kwanza". Ukiambiwa hivyo kazini, ujue wenzio wamebaki wanakujadili.

Nina hasira. Nasema mapema ili nisijifanye mstaarabu huko chini.

Mimi ni fundi wa ndege ndogo, zile za viti vinne, katika skuli ya urubani upande wa Sib. Khalfan, mtoto wa ami yangu, ni mwalimu wa urubani hapo hapo. Ni sisi wawili tu tunaojua Kiswahili pale, na tumezoea kukitumia kumteta meneja mbele ya uso wake. Tulikuwa tunajiona wajanja.

Asubuhi nilikuwa chini ya bawa la ndege nyingine, grisi hadi viwikoni. Khalfan akanipigia simu kutoka ofisini, kuuliza habari za ile ndege anayoirusha yeye.

"Mafuta vipi, yapo?"

"Yamejaa. Nshatia tangu saa moja."

Nilikusudia petroli. Yeye anasema aliuliza oili. Kwetu petroli ni mafuta, oili ni mafuta, na ya kukaangia sambusa ni mafuta vilevile.

Injini ile kongwe, inakunywa oili, na jana yeye mwenyewe aliirusha mara tatu. Ada ya kazi yetu ni kwamba anayeruka ndiye anayefungua kile kimlango cha juu ya injini, akachomoa kijiti, akakifuta, akakitumbukiza tena na kutazama alama. Kwa macho yake. Ni kazi ya dakika moja. Bwana mkubwa Khalfan aliona jua kali, akapanda na mwanafunzi wake Raya, msichana wa miaka kumi na tisa, wakaondoka.

Watu hudhani oili ni ya kulainisha tu. Injini hii haina maji kama ya gari; inapozwa na upepo na oili. Oili ndiyo inayobeba moto kutoka ndani, inayokokota masizi, inayokaa baina ya chuma na chuma visitafunane. Petroli ikikwisha, injini huzimika ikiwa nzima. Oili ikikwisha, injini hujila yenyewe, na huko chini ni majabali matupu.

Raya ndiye aliyeona. "Nilimwambia mshale wa presha ya oili unashuka," alinisimulia kwa Kiarabu. "Akasema geji hiyo ina wazimu, endelea." Akamwambia tena, mara hii kwa kupiga kelele, ndipo Khalfan akageuza. Walitua salama, alhamdulillahi. Nilipochomoa kijiti hakikuwa na hata tone, na ndani ya chujio nilikuta vumbi la chuma linameta.

Kilichonichoma kikaja baadaye. Meneja alituita, akatuhoji kwa Kiarabu. Kwa Kiarabu petroli ni betroli na oili ni zeti, hazichanganyiki. Khalfan akamjibu bila ya kupepesa macho: "Aliniambia zeti imejaa."

Zeti!

Neno hilo sijalitamka tangu kuamka. Nilisema mafuta. Alipolivusha neno langu kwenda Kiarabu ilimbidi achague, naye akachagua lile linalomuokoa yeye na kuniangamiza mimi. Meneja atamuuliza nani mwengine? Leseni yangu nimeihangaikia miaka, na sasa inaning'inia kwenye tafsiri ya muongo. Meneja ametaka kesho asubuhi kila mmoja wetu apeleke maelezo yake kwa maandishi.

Mama keshapata habari kutoka kwa mke wa ami. "Nnakuomba mwanangu, usimvue nguo ndugu yako mbele za watu. Sema hukumbuki." Mama yangu huyo! Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kingepigwa nyumbani kwa kina Raya.

Sasa la kukiri. Simu ile ilipokatika, moyo uliniuliza: mafuta yepi? Uliniuliza, wallahi. Nilikuwa na spana mkononi, nikaona uvivu kumpigia tena. Hasira zangu nyingi ni juu ya nafsi yangu, ndiyo maana hazipoi.

Maelezo nimeshayaanza. Kosa langu nimeliweka mstari wa kwanza, kabla ya lake. Neno mafuta nimeliandika kwa Kiswahili kama lilivyotoka kinywani, na chini yake maana zake zote. Meneja akitaka, amtafute Mzanzibari yeyote wa Maskati amuulize.

Mama amechungulia mlangoni, ameuliza kama nimemtaja Khalfan. Nimemwambia nimemtaja. Ameurudisha mlango, akaenda zake. Ataninunia, na ami pengine atakata mguu kuja kwetu. Na wakate.

Raya ameandikiwa kuruka tena Jumapili, kwa ndege nyingine. Mwalimu wake ni yule yule.