Maneno ya Njia ya Baitul Makdis

Bagamoyo, 3 Rajabu 1299

Kwa kaka yangu Mikidadi, Saadani.

Shikamoo kaka. Mimi na mama hatujambo, tunakuulizia mguu wako kama umeanza kukanyaga.

Nina habari njema. Hapa mtaa wa Dunda yupo Myahudi wa Aden, Bwana Yahya, mnunuzi wa gundi ya sandarusi. Mwisho wa mwezi anampeleka mama yake mzee Baitul Makdis, mji wao mtakatifu, naye anataka mtumishi mmoja. Anasema Wayahudi wa kila nchi wamekutana huko, kila mmoja na lugha ya kwao, na wanaelewana kwa Kiebrania. Basi mtumishi lazima ajue maneno ya safari. Tulianza kujifunza wanane, tumebaki mimi na mshona kanzu mmoja. Njia ni derekh, punda hamor, ngamia gamal, meli oniya, gari la kukokotwa agala. Nayasema hata nikioga, mpaka mama ameniambia ninyamaze.

Lakini safari yenyewe siijui. Mimi sijavuka Makurunge hapo jirani. Nifundishe, wewe uliyeongoza misafara.

Nduguyo mdogo,
Bwanausi

Saadani, 8 Rajabu 1299

Bwanausi,

Marahaba. Salamu kwa mama. Mguu haukanyagi, na tafadhali usiniulize tena.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Miaka kumi na minne nimetangulia mbele ya wapagazi, nimefika Unyanyembe huko bara mara tano, na hakuna aliyewahi kuniambia twende Baitul Makdis. Leo wewe, uliyepotea siku ile kwenda shamba la shangazi, ndiye unayejifunza jina la njia. Nilicheka peke yangu, na hakikuwa kicheko kizuri.

Haya, nikupe moja la kikazi. Jumamosi alfajiri, kabla bwana wako hajatoka, funga mizigo yake yote, tandika punda, simama mlangoni. Akitoka mwambie twende mpaka Kaole tukajaribu mwendo. Matajiri wa safari humpenda mtu asiyengoja kuambiwa.

Kaka yako,
Mikidadi

Bagamoyo, 18 Rajabu 1299

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mimi moyo umeniuma.

Nilifanya kama ulivyoniagiza. Mama yake Bwana Yahya aliponiona na kamba mkononi alijifunika uso. Kumbe Jumamosi ni siku yao kubwa. Hawafungi mzigo, hawapandi mnyama, hawasafiri. Nilikuwa naona duka limefungwa, nikadhani anapumzika tu. Akaniambia niende zangu.

Sikulaumu, ulijuaje wewe. Mshona kanzu naye amejitoa, ameoa. Kwa hiyo nafasi iko wazi, nami nimemtajia jina lako. Akasema uje. Safari yote ni meli na punda, mguu wako hautakutesa. Ndani ya barua hii nimekuandikia maneno arobaini na mawili. Yahifadhi yote kama yalivyo, atakusikiliza mbele ya watu.

Nduguyo,
Bwanausi

Saadani, 22 Rajabu 1299

Bwanausi mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mama.

Maneno nimeyahifadhi yote kwa siku mbili. Nguo nilikwisha kuzifunga, na punda wa kunileta nilikwisha kumpata. Leo asubuhi nimezifungua.

Nilijua habari ya Jumamosi. Nilikaa Aden misimu miwili katika nyumba ya Wayahudi, nikiwawashia moto siku hiyo kwa sababu wenyewe hawaugusi. Sikukusimulia kwa kuwa kazi hiyo niliionea haya. Nilikutuma ukaharibikiwe. Wivu ulinishika, Bwanausi. Tangu nivunjike mguu, watu wakija nyumbani huulizia wewe, na mama hukutaja wewe kwanza. Nikaona hata njia sasa umenichukulia.

Barua ya pili iliyomo humu, ya Kiarabu, ni ya Bwana Yahya. Nimemweleza yote, mpe kwa mkono wako. Akikurudisha, nenda. Usipitie Saadani kuniaga, maana wivu haujaniisha.

Kaka yako,
Mikidadi

Bagamoyo, 28 Rajabu 1299

Kaka Mikidadi,

Shikamoo. Mama hajambo.

Barua ya Bwana Yahya sikumpa, hakuihitaji. Jumamosi ile ile aliponiuliza nani kanituma, nilikutaja. Akasema Mikidadi wa Saadani alimwashia moto mjomba wake misimu miwili, nami nikajua ulinituma ukiijua Jumamosi. Akanisamehe pale pale. Mshona kanzu alikuwa amekwisha kujitoa, kwa hiyo nilipokuandikia uje, nafasi ilikuwa yangu.

Nilitaka uje, kaka. Katika maneno yale arobaini na mawili, thelathini nimeyatunga mwenyewe, hayana maana kwa lugha yoyote. Nilitaka uyaseme barazani, watu wamejaa, na mimi niwe nimekaa kando ya bwana. Siku tisa nimekwenda kusimama mwanzo wa njia ya Saadani, nikikutazamia. Jana nikapewa barua yako.

Nimemsomea mama, lakini pale ulipomtaja yeye nimeparuka. Kesho navuka Unguja kupanda meli. Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia maneno ya kweli, safari hii usiwe na shaka nayo. Nimekusamehe kidogo. Nawe ukiweza, nisamehe hicho hicho kidogo.

Nduguyo,
Bwanausi