Baba, Usipige Jembe la Kwanza

Baba yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku Ediofe, Arua. Goti lako linasemaje siku hizi? Mimi ni mzima, ila jiko hili la shule linanimaliza kwa moshi, na ruhusa ya kuja Koboko sipati mpaka shule zifungwe.

Sikupigi simu makusudi. Kila nikipiga namsikia yule mgeni wa suti, anayetaka shamba letu la chini, akikohoa pembeni yako. Juzi alipokea yeye mwenyewe: "Mzee iko naoga." Tangu lini mtu wa kuja jana akapokea simu ya nyumba? Ndiyo maana barua hii nampa dada yako, shangazi Hawa, aifiche katikati ya vitenge vyake. Isome ukiwa peke yako.

Baba, nimekosa. Ulipotuma picha ya mkataba ukauliza maana ya neno "commence", nilikuwa nasonga posho, ugali wa wanafunzi. Nikajibu harakaharaka, "Ni kuanza tu, weka sahihi." Ukaniamini, ukaweka.

Baadaye likanikereketa. Kama ni kuanza tu, mbona hawakuandika neno jepesi? Nikamwonyesha mwalimu wa Kiingereza ninayempikia hapa.

"Maana iko ile ile, kuanza," akasema. "Lakini hii iko neno ya korti na ya ofisi. Mutu hawezi sema maharagwe ime-commence kuchemka, watu watacheka yeye. Ukiona hiyo kwa karatasi, uliza: inaanza siku gani, na nani anaanzisha?"

Tukasoma tena, polepole. Imeandikwa kwamba mkataba uta-commence siku mwenye shamba atakapopasua udongo kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mashahidi. Kabla ya hapo unaweza kukataa, hata kama umeshaweka sahihi. Baada ya hapo, miaka thelathini huna neno. Na makaburi ya humo shambani, la mama likiwemo, hayakutajwa popote.

Sasa nimeelewa kwa nini anakusifu kila siku, eti Ijumaa lazima mzee upige jembe la kwanza, kwa heshima ya mila. Kweli, kwetu mgeni halimi kabla mwenyeji hajafungua ardhi. Lakini yeye, mtu wa mjini, nani alimfundisha? Kuna mtu wa karibu aliyemwambia. Simtaji, ila mwangalie vizuri anayeshangilia sana hapo nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Najua unapenda kupigiwa saluti, baba, na yule anakupigia kama bado uko kambini. Naomba Ijumaa umwambie goti linauma. Akisema atakushika mkono mpige jembe pamoja, kaa chini kabisa. Naogopa, baba. Sitaki kuomba ruhusa ya mgeni ili nipalilie kaburi la mama.

Nisalimie kaka yangu mkubwa, ila karatasi hii usimwonyeshe. Nisalimie bibi, mama yake mama, na yule jirani fundi cherehani anayekuletea maji. Shangazi atarudi Arua Jumamosi. Jibu mpe yeye kwa mdomo.

Na kama barua imechelewa, jembe umeshalipiga, usitafute maneno ya kunifariji. Mwambie shangazi anichukulie udongo kidogo wa pale kwa mama, nitaelewa.

Mwanao aliyekuharakisha,
Mariamu