Salamu ya Mnunuzi wa Vitunguu Saumu

Mdogo wangu Neema,

Huku Endagikot ni baridi, na mikono yangu inanuka vitunguu saumu hata nikila ugali. Jana mnunuzi kutoka Kenya alifika tumeshapakia lori lake lililotangulia, akamwambia bibi mwenye shamba, "Habari yako, mama?"

Bibi akatugeukia sisi vibarua. "Shusheni."

Tukashusha magunia. Mkenya akashangaa. "Lakini bei tumeelewana, na mpakani siku hizi hakuna shida."

"Hapa kwangu ipo," bibi akasema.

Mnunuzi mwingine hakuwepo, na vitunguu vilishaanza kuchipua. Nikaona vitaozea stoo, nikamnong'oneza yule bwana. Akavua kofia, akainama. "Shikamoo, bibi."

Bibi akaitikia. "Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?" Akamletea maziwa ya mgando, nasi tukapakia upya. Mgongo unaniuma mpaka sasa.

Wewe unayesomea siasa za nchi jirani na jinsi zinavyoungana, usichoke. Siku ukiingia kwenye mikutano ya viongozi wao, waambie waanze kwa kusalimiana vizuri, maana wakikosana, magunia tunabeba sisi.

Mama mwambie nakula vizuri.

Kaka yako, Yohana