Sungura Niliowaruka

Bweni la Wasichana,
Kasulu, Kigoma.
21 Septemba 1997

Mpendwa Dada Maximilla,

Kabla ya salamu, acha nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu: mimi ndiye niliyesababisha kaka yetu Bazilio akatae kupasuliwa goti.

Sasa nakusalimu. Hujambo huko Songea? Shemeji na mtoto wanaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili. Leo ni siku ya wageni, wenzangu wametembelewa. Nimejifungia maktabani, maana humu hakuna anayeniuliza ndugu zangu wako wapi.

Nadhani Mama alikuandikia kwamba Bazilio alianguka na baiskeli yenye mikungu ya ndizi kwenye mteremko wa Makere. Mfupa ulivunjika ndani ya goti, na gegedu, ile sehemu nyeupe inayoteleza unayoiona kwenye kiungo cha kuku, likasagika. Daktari wa mifupa, ambaye huja mara mbili tu kwa mwaka, alisema ataugandisha mguu ubaki umenyooka. Maumivu yataisha, lakini goti halitakunjika tena.

“Mguu huo nitauweka wapi?” Bazilio akasema. “Kanisani si nitamtega katekista!”

Likizo ya Juni nilirudi na gazeti la sayansi la Kiingereza, nililoachiwa na mwalimu wa biolojia. Unajua kwetu ni mimi tu ninayesoma Kiingereza. Baada ya ibada majirani walijaa uani, nikawatafsiria. Wataalamu wanatengeneza kiunzi laini chenye matundu kama sifongo, wanakilowesha kwa protini zinazochochea seli zikue, kisha wanakipachika pale palipobomoka. Mfupa unaota chini, gegedu linaota juu, na kiunzi kinayeyuka chenyewe.

“Kama miti ya kutambalia maharage,” Baba akasema. “Yakishakomaa, mti hata ukioza si neno.”

“Daktari wetu, hebu rudia pale pa kuota!” akaita jirani yetu Stanislaus. Nikarudia.

Dada, hayo yote yameandikwa. Ila walifanyiwa sungura. Mwishoni wataalamu wanasema hawajui kama kwa binadamu itawezekana, wala lini. Hapo mimi nilifunga gazeti. Bazilio alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Halafu, sijui nikuelezeje, hakuna watu waliowahi kunyamaza wanisikilize namna ile.

Kesho yake alimtuma Baba hospitali akafute jina lake. “Mimi nasubiri dawa ya Esteri,” alisema.

Jumatatu nilipata barua ya Mama. Siku hizi Bazilio anakwenda chooni kwa kutambaa. Daktari anakuja tarehe ishirini na tisa, na asiyeandikishwa atangoja hadi mwakani. Nilikaa na barua hiyo siku nne. Bweni lina wasichana arobaini, na sikuona hata mmoja wa kumweleza.

Kabla sijaendelea, pokea salamu za nyumbani. Baba na Mama wanakukumbuka, na Bibi Apoline anauliza kama huko Songea mnapata mihogo. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote.

Juzi Ijumaa nilimwomba matroni ruhusa, nikapanda lori la mahindi hadi Makere. Nilimkuta Bazilio mlangoni, anapukuchua maharage. Nikakaa chini karibu naye, nikamsomea ukurasa wote, na kila palipoandikwa sungura nikasema sungura.

Hakunigombeza. Aliuliza tu, “Hao sungura, walikunja magoti?”

“Walikunja.”

Akapukuchua maganda mawili matatu. “Basi kaniandikishe,” akasema, akageukia ukutani.

Jana asubuhi nilikwenda hospitali, jina lake likaandikwa la kumi na saba. Nikarudi nyumbani kumwambia. Alikuwa amelala, au amefumba macho tu. Nilimwachia Mama karatasi ya hospitali, nikapanda lori kurudi shule.

Wako akupendaye,
Esteri