Kiyoyozi Katika Pijo la Baba Anitha

Jumatano, 2 Julai

Nimepangusa meza mara mbili tangu asubuhi. Vumbi limerudi. Malori ya kokoto kwenye barabara ya Nkwenda hayapumziki, na migomba ya mbele ya nyumba imegeuka rangi ya matofali. Kahawa iko kwenye turubai, inakula vumbi. Mimi pia nalila. Pumu imeamka tangu jana.

Baba Anitha amefungua boneti ya Pijo tena. Tarehe 22 nina kliniki hospitalini, Karagwe. Mwezi uliopita nilikwenda na gari la abiria, madirisha wazi, nikaingizwa hospitali nimebebwa. Sasa mume wangu ameapa nitakwenda ndani ya gari lake, vioo vimefungwa, vumbi libaki nje. Na kwa kuwa Pijo 404 likifungwa linakuwa tanuri, ameamua kuliwekea kiyoyozi. Gari lililotengenezwa kabla hatujaoana! Nilitaka kucheka. Nikaogopa badala yake, na sijui naogopa nini.

Ijumaa, 4 Julai

Fundi Projestus amekuja kutoka Nkwenda. Kazi yake hasa ni friji za baa. Nilimpa kahawa ya kutafuna, akatafuna huku akilizunguka gari kama mnunuzi wa ng'ombe.

Vifaa amevifungua kwenye gari la Noah lililopinduka. Kompresa, mabomba, feni. Nikamuuliza kama waliokuwemo walipona.

"Mama, mimi nilinunua vyuma tu."

Jibu gani hilo. Sasa nitapulizwa na pumzi ya marehemu.

Wametoboa dashibodi. Baba Anitha ndiye aliyeshika drili, yeye asiyeruhusu hata mjukuu kuegemea mlango. Sikuweza kutazama, nikaingia ndani.

Jumapili, 6 Julai

Wamemcheka Baba Anitha baada ya ibada. Wifi Editha ndiye kinara. "Songambele hii tunalala na mablanketi mawili, kaka yangu ananunua baridi!" Watu hoi. Mume wangu alicheka nao, hakutaja kifua changu. Nilimpenda sana pale nje ya kanisa, uzee huu.

Alhamisi, 10 Julai

Kinapuliza. Baridi kweli. Baba Anitha alinishika mkono akauweka mbele ya tundu, akanitazama usoni akisubiri nishangae. Nilishangaa. Sijamwona na furaha hiyo tangu Anitha aolewe.

Ila injini inachemsha mlimani, lazima kizimwe. Na kuna maji. Chombo cha baridi kilicho chini ya dashibodi kinatoa jasho, matone yanaangukia miguuni pangu. Mpira wa kuyatoa nje fundi hana, atautafuta. Basi Baba Anitha akakata majani mabichi, akatandika chini, kama sakafu ya mama yake siku ya wageni. Yalinukia vizuri. Nilimsifu.

Jumamosi, 12 Julai

Vumbi limeonekana linapenya pembeni ya vioo. Ameziba kote kwa gundi ya mpira. Vioo havishuki tena. Vishikio vya kushushia amevifungua, viko kwenye buti.

Nilikaa humo kidogo, mlango umefungwa. Koo likakauka. Nikamwambia ni pazuri.

Jumatano, 16 Julai

Tulikwenda Nkwenda kujaribu. Hatujafika mbali kifua kikaanza kupiga filimbi. Nilivuta pampu yangu ya pumu nikiwa nimeinamia mkoba, najifanya natafuta leso. Yeye macho barabarani, anasifia baridi.

Tulipofika sokoni nikashuka, nikasimama kwenye vumbi lote lile. Kikatulia. Nje! Ndipo nilipoelewa.

Ni majani. Kila siku anatandika mapya juu, ya chini yanabaki na maji, yameoza. Feni inavuta uozo ule na kunipulizia usoni. Nimekulia kwenye nyumba ya majani sakafuni, nayajua majani yaliyopitiliza.

Sikusema. Nikisema kifua kibaya, uso wake unazimika. Hali chakula. Anasimama mlangoni ananisikiliza ninavyopumua, akidhani simwoni. Naogopa uso ule kuliko ninavyoogopa pumu. Ujinga, najua.

Ijumaa, 18 Julai

Nilikwenda kuyatoa mwenyewe akiwa shambani. Milango imefungwa. Ufunguo anatembea nao mfukoni, asije mtoto akachezea kiyoyozi.

Nilisimama pale nachungulia kiti changu kupitia kioo. Nikawaza jeneza. Nimerudi kuchambua maharage.

Jumatatu, 21 Julai

Kesho. Ameosha gari mpaka tairi la akiba. Ametandika majani mengine.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimewafundisha darasa la sita methali hiyo mpaka nikastaafu, watoto wakaijibu vizuri kwenye mitihani. Mimi mwalimu wao nimeshindwa.

Nitamwambia asubuhi, kabla hajawasha gari.

Jumatano, 23 Julai

Wodini. Naandika polepole.

Sikumwambia. Alitoka amevaa koti la harusi ya Anitha, kwa ajili ya kunipeleka kliniki tu. Nikapanda gari.

Mpaka Nkwenda nilivumilia. Baada ya hapo kuna mlima. Akazima kiyoyozi, geji ikapanda, tukapanda nayo. Kileleni akakiwasha tena. Upepo wa kwanza ulikuja na uozo wote. Kifua kikafunga. Nilivuta pampu, nikavuta tena, hakuna kitu. Nikapapasa mlango kutafuta kishikio cha kioo. Tundu tu. Mpini wa kufungulia mlango ulikuwa palepale, mkono haukuuona.

Nikagonga dashibodi. Yeye akadhani namhimiza awahi, akaongeza mwendo. Akaongeza na feni, ili nipate hewa. Nilimwona analia huku anaendesha. Sasa nilitaka kusema, na sauti haipo.

Nikainama nikachota majani ya chini kabisa, meusi, yanateleza. Nikamsukumia puani. Akanusa. Akakanyaga breki.

Nakumbuka ardhi. Nakumbuka ng'ombe wengi wenye pembe ndefu wanapita, na mama mmoja wa wafugaji amenikumbatia kwa nyuma, ananizuia kulala. "Kaa wima, mama. Kaa hivyo hivyo." Shati lake lilinukia moshi na maziwa, lakini niliweza kupumua. Lori likapita, likatufunika vumbi. Nililivuta. Hewa ikapita nalo. Kidogo, kidogo tena.

Kisha nikasikia mlio. Baba Anitha alikuwa na jiwe. Alivunja kioo cha upande wangu, akazunguka, akavunja na cha upande wake. Pijo lake. Majani aliyatupa kwa mikono miwili mpaka chuma kikaonekana. Yule mama alilowesha kitenge changu kwa maji ya dumu lake, akanifunika pua. Tulikuja hivyo mpaka hospitali, upepo unaingia kila upande.

Sikupata hata kumuuliza yule mama jina. Namwombea bila jina.

Nimewekewa mashine ya mvuke. Daktari anasema nilifika kwa bahati. Baba Anitha amekaa kwenye benchi la nje, haingii. Koti limejaa vigae vya kioo.

Jumapili, 27 Julai

Nyumbani. Hatukwenda ibadani. Mvua ndogo imenyesha asubuhi, mapema kwa msimu, vumbi limelala.

Tumekaa mlango wa jiko tunamenya ndizi. Ameniuliza nilijua tangu lini kuhusu majani. Nikasema tangu siku ya Nkwenda. Nilijiandaa kwa ule uso wake. Haukuzimika.

Akasema, "Siku ile nilikusikia. Nilikuona na pampu kwenye mkoba."

Alijua naumia. Alinyamaza kwa sababu gari lilikuwa ndiyo dawa yake ya mwisho. Likishindwa, hana kingine cha kunifanyia. Basi akasifia baridi, na mimi nikaitikia, na kila mmoja alikuwa anamdanganya mwenzake kwa upendo. Karibu tuniue, sisi wawili.

Nikamwambia naogopa kufa. Sikuwahi kulisema neno hilo kwa sauti, hata kwa mchungaji.

Akaweka kisu chini. Akasema yeye anaogopa zaidi, maana mimi nitakuwa nimeshakwenda, na yeye ndiye atakayebaki na nyumba hii.

Akaokota kisu. Tulimenya mpaka zikaisha, na za kesho pia.