Mkamwana Wangu Amempa Bakteria Jina Langu

Mpendwa mshauri Bi Touria, naomba msaada, tena wa haraka, maana nimeapa mbele za watu na sasa kiapo chenyewe kinanikaba. Mimi ni mjane wa hapa Fes, nina mwana mmoja, Abdelilah, na mkewe Ghizlane ni mtaalamu wa bakteria chuoni, na sisemi uongo, mwanzoni nilimwonea mwanangu huruma, mke gani huyu anayeshinda na vijidudu, lakini miaka ikaenda nikaona mambo, nikaona wanafunzi wake wanavyosimama akipita, na ule mwaka watoto walipolazwa na homa isiyosikia dawa, ni yeye na wenzake walioonyesha kwamba vijidudu vile vinaazimana jeni za kuishinda dawa kama sisi tunavyoazimana chachu ya mkate, madaktari wakabadilisha tiba, watoto wakarudi kwao, nami nikatembea mtaani shingo juu.

Sasa sikiliza. Nina mtungi wa samli, siagi yetu ya kuchachusha, niliouzika alipozaliwa mjukuu wangu wa kike, uje ufukuliwe siku ya harusi yake kama ilivyo desturi, na Ghizlane akanibembeleza, "Mama, kijiko kimoja tu nikakichunguze," nikaufukua nikampa. Ijumaa iliyopita tuko kwenye kuskusi, dada zangu wapo, jirani yangu Khnata yupo, mara anasema huku macho yanamng'aa, "Mama, kwenye samli yako nimekuta bakteria ambaye hakuna aliyewahi kumweleza, na nimempa jina lako." Mdudu, Bi Touria. Jina alilonipa marehemu baba yangu, Zhor, la maua ya mchungwa. Nikaweka kijiko chini nikamwambia, "Miaka yote nakulisha, leo umeona mimi na uchafu ni kitu kimoja?" nikaapa jina hilo likichapishwa sikanyagi kwake. Na hamamuni, kwenye bafu la wanawake wote wa mtaa, ndiyo usiseme, Khnata kanisogezea ndoo, "Lalla Zhor, jisugue vizuri mwenzangu, tusije tukaambukizwa," wanawake wakacheka mpaka basi. Ghizlane siku ile ya kuskusi aliinuka akaenda kulia jikoni, na jana mwanangu kaniambia mkewe analifuta jina, ana mpaka Jumatatu kupeleka lingine kwa wachapishaji. Nilipaswa kufurahi na sikufurahi, sijui kwa nini. Nishikilie kiapo changu au nifanyeje?

Zhor, Fes

Lalla Zhor, pole kwa ya hamamuni. Kuchekwa kunauma, hasa ukiwa huna nguo. Lakini pole yangu inaishia hapo, mama yangu, kwa sababu umekosea.

Nimemuuliza mtu anayezijua desturi zao. Watu wa bakteria nao wana adabu: anayegundua kiumbe hakipi jina lake mwenyewe, ni aibu. Hukipa la mtu anayemheshimu. Ghizlane ana mkuu wa idara, ana maprofesa waliomfundisha, na kila mmoja wao angelipokea kwa mikono miwili. Amewaruka wote akaja kwako. Umri wake wote ameuweka kwenye vijidudu, sasa ulitaka akutunuku nini, bangili? Bangili hata Khnata anazo.

Na huo uchafu uko wapi? Bila vijidudu vya mtungini ungefukua siagi iliyooza, sio samli ya harusi. Umewafuga mwenyewe, ukawalisha wageni, wageni wakaomba waongezewe.

Unasema hujui kwa nini hukufurahi. Unajua sana. Unamwona mkamwana wako ni mtu mkubwa, na siku aliyokuweka kando yake ulishtuka, kisha ukamwachia Khnata akuamulie.

Kiapo kina kafara, walishe masikini kumi, na usiwabanie samli. Kisha kabla ya Jumatatu vaa jilaba yako nzuri uende mwenyewe maabara. Usimtume Abdelilah, hajakosa yeye. Mwambie mkamwana wako, mbele ya wanafunzi wake kama ulivyomwaibisha mbele ya dada zako, "Mwanangu, liandike." Halafu muombe akuonyeshe somo yako kwenye hadubini, umtazame bila haraka.

Na Khnata akikusogezea ndoo tena, ipokee, jisugue taratibu, kisha muulize, mkamwana wake yeye amempa kiumbe gani jina la Khnata.